Joho la Spika wa Ghala la Ngozi

"Fundi, mwenzako Magesa ametutoka leo alfajiri," Nyangeta aliniambia kwenye simu. Nilikuwa nimebana pini nne mdomoni, nikashindwa hata kusema pole. "Ameacha neno moja tu la nguo. Anataka azikwe na lile joho. Tumemjaribishia, linamfikia magotini kama zamani. Watoto wanaona aibu. Njoo na futi yako, Fundi. Na kitambaa."

Nimeshona nguo za nusu ya watu wa Musoma, na nusu iliyobaki nimewapunguzia au kuwaongezea walizoshonewa na wengine. Bwana harusi mmoja nilimmalizia suti akiwa tayari amesimama mlangoni mwa msikiti. Kwa hiyo msidhani lile joho lilikuwa fupi kwa sababu fundi hakujua kazi. Lilikuwa fupi kwa wivu, na wivu ule nimeishi nao miaka mingi kuliko niliyoishi na mke yeyote, na mimi nimeoa mara mbili. Nikiwa ndani ya basi kuelekea Kiabakari, cherehani ya mkono nimeipakata kama mtoto mgonjwa na kaniki yadi mbili nimeitupia begani, niliona kwamba siwezi kuligusa lile joho bila kuja kusema mwaka ule ulikuwaje. Na afadhali niseme sasa, maana Magesa hawezi tena kunisahihisha, kazi aliyoipenda kuliko chakula.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na cherehani yangu ya miguu ilikuwa barazani kwa duka moja la nguo pale Musoma mjini. Jua likizama ziwani nilifunika mashine, nikaswali magharibi, nikaenda shule. Tuliiita shule ya usiku, ingawa tulianza mwanga ungali na wekundu na tukamaliza kabla watu hawajalala. Darasa lenyewe lilikuwa ghala la ngozi. Mchana ngozi za ng'ombe na mbuzi zilirundikwa humo mpaka karibu na bati, jioni tukazisukuma pembeni tukazikalia kama viti vya enzi. Harufu yake, ndugu zangu, ilikuwa ya kumwamsha maiti na kumlaza mtu mzima. Mke wangu wa kwanza, niliyemwoa miaka mitatu baadaye, aliapa kwamba bado aliisikia kwenye mito yetu. Lakini karabai ilipowashwa, na Mwalimu Yosia akaegemeza ubao wake kwenye rundo la ngozi, mimi nilijiona nimeketi Ulaya.

Tulikuwa watu kumi na watano: makuli, waashi, karani mmoja, Hamisi kinyozi rafiki yangu, na mimi. Tulishajua kusoma na kuandika. Mwaka ule Mwalimu Yosia alikuja na jambo jipya. Kila wiki aliandika ubaoni maneno kumi ya Baraza la Kutunga Sheria lililokuwa Dar es Salaam, ambalo wenye mkogo waliliita Legiko. "Kule wanawazungumza ninyi," alisema, huku akitupangusia chaki mashatini mwetu kwa kutusukasuka mabega. "Pamba yenu, ng'ombe wenu, samaki wenu. Mtu anayezungumzwa na hajui maneno anayozungumzwa kwayo, ana tofauti gani na ng'ombe mnadani? Haya. Muswada ni nini?"

Hapo ndipo wivu wangu ulipozaliwa, ninaweza kuwaonyesha mpaka ngozi niliyokuwa nimeikalia. Nilinyanyua mkono nikasimama. Nikasema muswada ni kitambaa kilichopigwa chaki lakini hakijakatwa. Kusomwa mara ya kwanza, unamwonyesha mteja kitambaa. Mara ya pili, mnabishana mshono. Halafu kamati ya Baraza zima, mnahesabu vifungo na mifuko kimoja kimoja. Mara ya tatu, mteja anajaribisha. Gavana akitia sahihi, nguo imevaliwa, imekuwa sheria, na ikimbana kwapani ashukuru. Darasa lilishangilia, makuli wakapiga ngozi kwa viganja mpaka vumbi likapanda. Nikaketi nimevimba kama samaki furu aliyejaa mayai. Ndipo kutoka nyuma kabisa yule karani akasema kwa sauti ya chini, bila kusimama, "Muswada ni sheria inayoombwa, ambayo bado inaweza kukataliwa." Mwalimu Yosia akageuka akaandika ubaoni maneno ya huyo karani, Magesa.

Magesa alikuwa karani wa mizigo pale gatini, mtu wa Butiama, Mkatoliki, mrefu kiasi kwamba akisimama ghalani ilibidi karabai ihamishwe. Mwandiko wake ulikuwa umelala upande mmoja kama majani yaliyopitiwa na upepo wa ziwani. Mimi wangu ulitawanyika kama kuku. Na alikuwa na kumbukumbu mbaya, yaani mbaya kwangu mimi. Maneno kumi ya wiki hii, kumi ya wiki iliyopita, yote aliyashika. Akidi: idadi ya wajumbe ambayo pasipo hiyo Baraza haliwezi kuamua. Siwa: rungu la heshima, likiwa mezani Baraza liko kazini. Hoja: jambo linalotolewa ili liamuliwe. Na lile lililokuja kunitesa, kura ya kiti. Hili nalo Mwalimu alichukua sentensi ya Magesa, akaliandika juu kabisa ya ubao na hakulifuta wiki tatu: "Kura zikilingana, kiti hupiga kura, na kura yake huliacha jambo kama kilivyolikuta."

Nje ya ghala, kwenye ukuta wa upande wa ziwani, Nyangeta alikuwa akikaanga samaki. Sangara hakuwa ameletwa bado katika ziwa letu. Tulikula sato na ningu, na Nyangeta alikuwa akiwakaanga mpaka mkia unavunjika kama biskuti. Nilikula kwake kila siku ya mwaka ule, hata siku nilizokuwa nimeshiba. Jioni moja nimeinama nanawa mikono nyuma ya kona, nikamsikia akimwambia mwenzake wa muhogo, "Yule mrefu akianza kusema humo ndani, naachaga mafuta yanaungua." Mwenzake akamuuliza, "Na fundi cherehani?" Nyangeta akacheka. "Fundi? Fundi namsikiaga hata akiwa kwake." Nilikula sato yule na mifupa yake yote.

Ikafika wakati Mwalimu Yosia akasema maneno peke yake hayatoshi, tuunde Baraza letu, tuwe na Spika na wajumbe, twende tukawaonyeshe watu wa Bunda na wa Butiama jinsi sheria inavyotungwa. Mimi nikajitolea kushona joho la Spika. Nilichukua kaniki nyeusi yadi sita, nikaweka na utepe mwekundu shingoni uliobaki kwenye gauni la bibi mmoja wa Kihindi. Uchaguzi wa Spika ulikuwa bado wiki nzima. "Unashonea nani, na mtu hajachaguliwa?" Hamisi kinyozi aliniuliza. Nikamwambia, "Nashona saizi ya kati." Hamisi akanitazama kuanzia kofia mpaka ndara. "Saizi ya kati ina kitambi cha upande wa kushoto kama chako?" Nikamwambia atulie, ninapima.

Tulipiga kura kwa siri, kwa kudumbukiza punje ndani ya kibuyu: mahindi kwa Magesa, maharage kwa Fundi Rajabu, yaani mimi. Mwalimu Yosia akazimwaga juu ya ngozi. Mahindi kumi, maharage matano. Nikajiambia angalau ninao wanne wa kweli ukiniondoa mimi. Mwezi mzima nilijifariji na wale wanne, mpaka siku Magesa aliponiambia bila hila, tukiwa tunavua viatu, "Mimi mwenyewe nilikupigia wewe, Fundi. Nilidhani unaitaka sana." Nikabaki na watatu, na wote watatu nilikuwa nawashonea sikukuu.

Joho lilipomwingia Magesa liliishia magotini. Miguu yake ikatoka chini mirefu, mikavu, na makuli wakalala kwenye ngozi kwa kucheka. Nyangeta alichungulia mlangoni na mwiko mkononi. "Mama yangu! Korongo kavaa kaniki!" Sitasema uongo: ilikuwa jioni tamu kuliko zote za mwaka ule. Lakini Magesa alijitazama, akacheka yeye kuliko wote, kisha akanisogelea. "Fundi, hutaweza kunishushia kidogo?" Nikamwonyesha pindo. "Limekwisha, bwana. Lazima kuongeza kitambaa, na kaniki ya aina hii haipo tena mjini. Kesho nitatafuta." Yadi mbili zilezile nilizopanda nazo basi juzi zilikuwa chini ya cherehani yangu, zimefunikwa na gunia. Kesho yake akauliza. Nikasema kesho. Hiyo kesho imefika juzi.

Bunda tulikwenda ndani ya lori la pamba, na pamba ilitufaa, maana nywele za bandia za Spika tulizitengenezea humohumo njiani kwa kubandika mabonge kwenye kofia kuukuu. Watu walijaa uwanjani. Mwalimu Yosia akaeleza kwamba Spika akihoji, wanaoafiki waseme Ndiyo na wasioafiki waseme Siyo. Hoja ilikuwa juu ya majosho ya ng'ombe. Magesa akahoji, "Wanaoafiki waseme Ndiyo," na uwanja mzima, wajumbe na watazamaji na akina mama wenye vikapu, wakaitika "Ndiyooo!" Akahoji wasioafiki, nao wote, kwa adabu ileile, wakaitika "Siyooo!" Ungemwacha mgeni bila kumwitikia? Basi mimi nikafurahi, nikijua sasa Spika ameumbuka. Magesa akawashukuru wote mara mbili, kisha akaomba watazamaji wamsaidie kuwasikiliza wajumbe peke yao, kwa kuwa hao ndio waliotumwa. Wakanyamaza wenyewe.

Kisha likaja lile la Mzee Wambura. Huyu alikuwa mwashi, mkubwa wetu kwa umri darasani, karibu wa rika la baba zetu. Alikuwa mjumbe anayependa kusema, na siku ile alisema juu ya majosho mpaka akafika kwenye ndoa ya mpwa wake. Kanuni ni Spika amwambie akae. Uwanja ukangoja. Kwetu kijana hamwambii mzee "kaa chini" mbele za watu hata awe na nywele za pamba kichwani, na mimi nilikuwa nimeshakunja mikono kungoja mlipuko. Magesa alisimama. Akavua zile nywele, akaziweka mezani karibu na siwa. Akainama, akamwamkia Mzee Wambura kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kama ndio kwanza wanakutana njiani. Mzee akaitika. Ndipo Magesa akavaa tena nywele zake, akaketi, akasema, "Mheshimiwa, muda wako umekwisha." Na Mzee Wambura akakaa kama mwali. Uwanja ulipiga makofi mpaka ng'ombe wakakata kamba huko mbali Nyasura. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Mtoto wa nani yule? Amelelewa." Hakuna aliyeona kwamba joho ni fupi. Nililitazama lile pindo njia nzima ya kurudi, nikimwomba Mungu angalau lichanike.

Baada ya Bunda ikaja habari iliyonikosesha usingizi. Ofisi ya maendeleo ilikuwa na nafasi moja kwa shule yetu: mtu mmoja aende Dar es Salaam wiki sita, aketi roshani ya wageni asikilize Baraza lenyewe, ajifunze na ukarani wa mabaraza, akirudi apewe kazi. Tulitakiwa tumchague wenyewe, na Mwalimu akaamua tumchague palepale Butiama, kikaoni, wazee wakitazama, ili waone Baraza likiamua jambo la kweli. Kila mtu alijua atakwenda Magesa. Alama zangu zilikuwa za pili; yeye akiondolewa, wa kwenda ni mimi. Wa pili, ndugu zangu, ni mtu anayeisikia harufu ya pilau akiwa upande wa pili wa ukuta. Mimi sikuwahi kuvuka Mwanza. Nilikuwa barazani kwa watu, nikikanyaga mashine, na niliona kabisa kwamba safari ile isipokuwa yangu nitakanyaga hivyohivyo mpaka miguu inyauke. Kuhusu kukanyaga sikukosea sana.

Nikatafuta njia kwenye maneno yaleyale aliyonishinda nayo. Nikaandika hoja: kwamba anayekalia kiti cha Spika asihesabiwe miongoni mwa wanaostahili kutumwa, kwa kuwa Spika hana upande wala maombi. Inapendeza, si ndiyo? Mwalimu Yosia aliisoma, akanitazama muda mrefu. "Iko ndani ya kanuni," alisema. "Umesoma, Rajabu." Wiki nzima nikawazungukia wajumbe mmojammoja, gatini, kwenye matofali, kwenye kiti cha Hamisi kinyozi, mteja akiwa ameshanyolewa nusu na hawezi kukimbia. Nilihesabu wanane wa kwangu, nami nikiwemo. Wanane kati ya kumi na wanne, maana Spika hapigi kura na wajumbe wengine. Nilikuwa nimeshaanza kufunga sanduku.

Butiama ilikuwa na ubaridi mwepesi wa vilimani, na wazee walikuwa wameletewa viti vyao vya miguu mitatu. Nilitoa hoja yangu kwa ufasaha ambao sijaurudia tena maishani. Hamisi akaunga mkono. Magesa, huku miguu imemtoka chini ya joho, akasikiliza bila kukunja uso, akaihoji hoja iliyomhusu yeye kama anayesoma orodha ya mizigo. Sauti za Ndiyo na Siyo zikalingana, akaagiza Baraza ligawanyike: wanaoafiki kuume, wasioafiki kushoto. Wakaanza kutembea. Nikahesabu watu wangu. Saba. Wa nane, Mzee Wambura, aliyeniahidi huku akinywa chai yangu, alisimama katikati akamtazama Magesa, akavuta suruali yake juu, akaenda kushoto. "Mzee!" nikamwita. "Nilikuahidi nikiwa nimekaa," alinijibu. "Sasa nimesimama."

Saba kwa saba. Magesa akasimama. "Waheshimiwa, kura zimelingana. Kanuni inanitaka mimi niamue. Lakini hoja hii ni juu yangu, na kiti hakiwezi kujiamulia. Natoka. Naomba Naibu Spika akikalie." Akavua nywele, akavua joho, akalikunja vizuri, akaliweka kitini, akaenda kuketi kwenye nyasi kati ya wajumbe.

Naibu Spika nilikuwa mimi. Nilipewa cheo hicho baada ya yale mahindi na maharage, ili nisinune.

Nikatembea mpaka kwenye kiti. Nikalivaa joho. Jamani, lilinikaa! Mabega yalikaa, mikono ikaishia penye kifundo, pindo likagusa viatu kwa upana wa kidole kimoja. Nikasikia wazee wakinong'ona, "Eeh, sasa huyu ndiye." Mwaka mzima nilikuwa nimengoja kusikia neno hilo. Nikakaa. Siwa ilikuwa mbele yangu. Nikamwona Mwalimu Yosia ameshika chaki ingawa hapakuwa na ubao, na pale ambapo hapakuwa na ubao nikaiona ile sentensi ya wiki tatu, imelala upande kama mwandiko wa Magesa: kura yake huliacha jambo kama kilivyolikuta. Maana yake niseme Siyo. Niseme Siyo, hoja ianguke, Magesa abaki katika orodha, na safari iwe yake. Isitoshe, kura yangu ya mjumbe nilikuwa nimekwisha kuipiga kule kuume. Nikamtazama Magesa. Alikuwa akinitazama kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyempa mwenzake mzigo na hana shaka utafika. Kama angekunja uso, labda ningesema Siyo. Ule utulivu ndio uliniwasha.

Nikasema, "Ndiyo. Walioafiki wameshinda."

Hamisi alipiga makofi mawili, akaona yuko peke yake, akajikuna. Mzee mmoja wa Butiama akamgeukia Mwalimu Yosia, akauliza kwa sauti ambayo mbuzi wote waliisikia, "Mwalimu, huyu si ndiye aliyeomba?" "Ndiye." "Na ndiye aliyejipa?" "Ndiye, mzee." "Na huko Dar es Salaam wanafanyaga hivi?" Mwalimu akaweka chaki yake mfukoni. "Ndiyo maana tunamtuma akaangalie," akasema.

Tulipikiwa ugali wa mtama na nyama. Nilifika kwenye sinia nikakuta migongo imebanana, hakuna aliyesogea. Magesa ndiye aliyesogea. "Fundi, kaa hapa," akaniambia, akanisukumia mnofu, yeye akachukua mfupa. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana mnakuwa sawa. Yeye alishindwa, na bado akawa anakula kwa raha kuliko mimi niliyeshinda. Nikaliacha joho kitini, sikutaka kuliona tena. Yeye ndiye aliyelichukua.

Dar es Salaam nilikwenda, kwa meli mpaka Mwanza na kwa gari moshi siku zisizokwisha. Milango ya lile Baraza ilikuwa mirefu kama twiga aliyempanda twiga. Niliketi roshani wiki sita, nikasikia miswada ikisomwa, hoja zikitolewa, na yale maneno yote ya ghala la ngozi yakitembea kwa miguu yao. Nilitambua kila moja, na kila moja nilipolitambua nilisikia sauti ya chini kutoka nyuma kabisa ya darasa. Joho la Spika wao lilikuwa refu, linafagia sakafu. Siku moja nilimuuliza karani wa pale, mtu mpole, kura zikilingana Spika hufanyaje. Akanieleza. Ni yaleyale, karibu neno kwa neno.

Niliporudi, Mwalimu Yosia alinisimamisha mbele ya ubao nieleze. Nilieleza twiga wote. Magesa alikuwa ameketi safari hii mbele kabisa, kalamu mkononi, anaandika kila nilichosema. Mwisho akanyanyua mkono. "Fundi, na kule kura zikilingana, kiti kinafanyaje?" Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua tu, alikuwa mtu wa namna hiyo. Nikasema, "Wiki zote sita hazikulingana." Ilikuwa kweli. Akaandika hata hiyo.

Nikatoka nje kutafuta sato. Nyangeta alikuwa akizima moto mapema. "Ninahamia Butiama," akaniambia. "Magesa alikuja kwetu na wazee wake." Nikamwambia, "Nyangeta, mwaka mzima nimekuwa nikija hapa." "Ulikuwa unakulaga samaki," akasema, wala hakuwa na ubaya. "Mwaka mzima, Fundi, hujawahi kutoa hoja. Mwenzako kaja, katoa, wazee wapo, akidi imetimia, baba kaafiki. Ungetaka tungoje mpaka usomwe mara ya tatu?" Alikuwa amejifunza maneno yote kupitia ukutani. Alikuwa bora kuliko nusu ya darasa.

Kazi ya ukarani nilipewa, nikaifanya miaka miwili, nikarudi kwenye cherehani. Magesa aliacha gati, akafundisha maneno yaleyale Butiama, Nyamuswa na kwingineko mpaka nywele zake zikawa pamba ya kweli, na kila alipofundisha alivaa lile joho, na watoto walipocheka miguu yake aliwangoja wamalize. Juzi niliposhuka kwenye pikipiki nikitokea Kiabakari nilikuta watu wamejaa mpaka barabarani. Nikajikuta ninawahesabu. Kwenye mazishi yangu hawatafika nusu yao, hata nikifa siku ya gulio.

Vijana walikuwa wamelitandika joho mezani. Kaniki ilikuwa imepauka, utepe umekuwa rangi ya chai. Nilimpima Magesa kutoka bega mpaka kifundo, polepole, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuwa akinitazama. Joho lilipungua inchi kumi na moja. Nikaweka cherehani dirishani, nikaanza kuzungusha mkono. Nyangeta alikaa karibu yangu, macho mekundu, akiniingizia uzi kwenye sindano maana mimi siku hizi naona matundu matatu.

"Fundi," akasema baada ya muda. "Siku ile kitambaa ulikuwa nacho, si ndiyo?"

"Yadi mbili," nikasema. "Chini ya cherehani."

"Alijua. Alikuja kwako na suruali ya kushona, akaziona chini ya gunia. Nilimwambia nilipeleke joho kwa fundi mwingine, akakataa. Alisema, 'Fundi akiwa tayari atashusha.'"

Nikaendelea kuzungusha gurudumu, maana watu walikuwa wanangoja. Nilishona mistari miwili, nikarefusha na mikono, nikaweka na pindo la nafasi ya inchi nne kwa ndani, pindo la mtu ambaye bado anakua. Wanawe wakamvisha. Nikarudi nyuma hatua tatu kama fundi anavyofanya, nikainamisha kichwa, nikamtazama kuanzia shingoni hadi chini. Mabega yalikaa. Mikono ilikaa. Pindo lilifika viatuni. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi siku ile kitini, na hapo, uzi bado umening'inia kidoleni, nikamwonea wivu.